Nakala Isiyolinganishwa



Wiki hii, ndugu msomaji, nitazungumzia jambo ambalo huenda ukaona linamstahiki fundi wa kompyuta kuliko mwalimu wa chuo: namna ya kunakili mafaili ya kompyuta na kuyaweka katika diski ya nje, ile diski ndogo inayochomekwa kwa waya, ili siku kompyuta itakapokufa, yaliyomo yasife nayo. Sina cheti cha fani hiyo. Lakini kunakili kwenyewe ni kazi ambayo sisi tuliosomeshwa vyuoni tuliizoea kabla ya stima kuingia katika nyumba zetu, na kila ninavyoitazama kazi ya diski ndivyo ninavyoona kuwa kanuni yake kubwa ni ileile tuliyofunzwa na walimu wetu kwa kalamu ya mwanzi na wino.

Kanuni hiyo huitwa muqabala, yaani kulinganisha. Mwanafunzi akimaliza kunakili kitabu hakuruhusiwa kukifunga na kujisifu. Huketi na mwalimu wake au mwenzake, mmoja ameshika asili, mwingine ameshika nakala, wakasoma neno kwa neno, na penye upungufu pakasahihishwa pambizoni. Wanakili wa zamani walipofika mahali pa kupumzika waliandika pambizoni neno balagha, kumaanisha kuwa ulinganishaji umefika hapo. Ibn al-Salah, aliyefariki mwaka 643 Hijria, sawa na 1245, amelipa jambo hili nafasi yake katika kitabu chake mashuhuri cha elimu ya Hadithi. Na imepokewa kwamba Urwa bin Zubayr alimuuliza mwanawe Hisham kama ameandika, naye akajibu kuwa ameandika. Akamuuliza tena kama amelinganisha, akajibu kuwa hakufanya hivyo. Basi baba yake akamhesabu kuwa hajaandika kitu.

Wanawake wanaosoma gazeti hili wana sehemu yao katika historia ya kunakili, tena si ndogo. Baada ya vita vya Yamama, ambapo waliuawa wengi katika waliohifadhi Qur'ani, Sayyidna Abu Bakr alimwamuru Zayd bin Thabit aikusanye katika kurasa. Kurasa hizo zilikaa kwa Abu Bakr, kisha kwa Umar, kisha kwa Bibi Hafsa binti Umar. Sayyidna Uthman alipotaka kuandikisha misahafu ya kupelekwa katika miji, aliziazima kwake, zikanakiliwa, kisha akamrejeshea. Tazama mpango wenyewe: asili ina mtunzaji anayejulikana kwa jina, inaazimwa kwa ahadi, inanakiliwa na kundi la watu wala si mtu mmoja, na kazi ikimalizika inarudi ilikotoka.

Hapa kwetu Mombasa nako tuna deni kwa wanakili. Muyaka bin Haji alifariki kiasi cha mwaka 1840, na mashairi yake mengi yalibaki katika vifua vya watu. Aliyeyakusanya na kuyaandika ni Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, naye W. E. Taylor, mmishenari wa Kiingereza aliyekaa Mombasa mwishoni mwa karne ya 19, akapata kutoka kwake. Karatasi za Taylor zikaishia London, katika chuo cha SOAS, na kutokana nazo William Hichens akachapisha diwani ya Muyaka mwaka 1940, huko Johannesburg. Wako wanaoudhika kwamba turathi yetu imetunzwa ng'ambo. Nami huudhika kidogo. Kisha hujiuliza: zile nakala zilizobaki huku, katika makasha na mitutu ya bibi zetu, ziko wapi leo?

Tuje sasa nyumbani. Katika nyumba nyingi za Kisauni, Likoni na Changamwe, makasha hayo yamegeuka kuwa kompyuta moja ya mapajani, aghalabu imenunuliwa ikiwa imetumika, imewekwa juu ya kabati na kufunikwa kitambaa. Humo mna picha za arusi na za aqiqa, vyeti vya watoto vilivyopigwa picha, hesabu za biashara ya mama anayeuza nguo, sauti za waliotangulia mbele ya haki. Mtu atakuambia kwa utulivu kuwa vyote vimo salama. Ukimuuliza vimo mahali pangapi, utulivu hupungua.

Mwaka jana alinijia mama mmoja wa Likoni pamoja na kaka yake. Alikuwa ametoka eda si siku nyingi, na walitaka ushauri juu ya mirathi. Marehemu mumewe alifanya kazi Qatar miaka tisa, na katika miaka hiyo maisha yao mengi yalipita katika simu: picha za watoto, jumbe za sauti, picha za stakabadhi za pesa alizotuma, na picha ya mapatano ya kiwanja ambayo karatasi yake haikujulikana iliko. Vyote vilikuwa vimetiwa katika kompyuta ya nyumbani. Kijana wao mkubwa, kwa nia njema kabisa, alinunua diski ya nje, akavitoa katika kompyuta iliyokuwa imejaa, akavitia katika diski. Miezi minne baadaye diski ikaanguka kutoka mezani hadi sakafuni, na tangu siku hiyo kila ikichomekwa hutoa mlio, tik, tik, tik, na kompyuta haioni kitu.

"Shekhe," akaniambia, "mimi nilijua tuna nakala."

Nikamuuliza, "Na asili iko wapi, mwanangu?"

Akanyamaza. Kaka yake ndiye aliyejibu: "Asili ndiyo hiyo, Shekhe."

Hapa ndipo watu wengi wanapoteleza, na lugha yenyewe inatusaidia kuteleza. Kuhamisha si kunakili. Kompyuta ina amri mbili zinazokaa jirani katika orodha moja: moja hukata kitu hapa na kukibandika kule, nyingine hukiacha hapa na kutengeneza mfano wake kule. Kijana yule alitumia ile ya kwanza. Baada ya kazi yake ndefu ya usiku, familia ilikuwa na kitu kilekile kimoja walichokuwa nacho asubuhi, ila sasa kiko katika kijisanduku chepesi kisichohimili kuanguka. Diski za aina ile zina sahani ndani yake inayozunguka, nyingi zao mara 5,400 kwa dakika, na kichwa cha kusomea huelea juu ya sahani hiyo kwa nafasi nyembamba kuliko unywele wa binadamu. Ikianguka, hasa ikiwa inafanya kazi, kichwa hugusa sahani na kuikwaruza. Na fundi wa kwanza waliyempelekea, badala ya kuiacha, aliichomeka na kuichomoa tena na tena, jambo ambalo huzidisha mkwaruzo. Diski inayotoa mlio kama huo haichomekwi tena kwa majaribio. Wako wataalamu wanaozifungua katika chumba kisicho na vumbi, lakini bei waliyotajiwa ilizidi kodi ya nyumba yao ya miezi sita.

Kilichopatikana mwishowe hakikutoka katika diski. Shemeji yake wa Changamwe alikuwa na jumbe tatu za sauti za marehemu ndani ya simu yake, na katika moja alikuwa akimtania mtoto mdogo juu ya meno. Picha ya mapatano ya kiwanja haikupatikana hadi leo.

Mimi mwenyewe jambo hili lilinikaa kooni kwa sababu nina amana yangu. Marehemu mwalimu wangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, ambaye kwa heshima ya familia yake simtaji, alikuwa akidarsisha tafsiri ya Qur'ani kila Ramadhani baada ya swala ya alasiri, katika msikiti mmoja wa Kisauni. Wanafunzi tulimrekodi kwa kaseti. Zimebaki kaseti 86, kila moja ya dakika 60, na utepe wake umeanza kunata kwa joto na chumvi ya hewa yetu. Binti wa ndugu yangu, ambaye amesomea kompyuta na ana subira kuliko mimi, alizicheza moja moja na kuziingiza katika kompyuta. Kwa daraja ya sauti inayotumika katika santuri za CD, saa moja huchukua kiasi cha megabaiti 635, kwa hiyo zote pamoja zilikaribia gigabaiti 55. Angeweza kuzibana zikawa gigabaiti 5 tu, lakini alikataa. Alisema sauti iliyobanwa haibanuki tena, na asili ya kutunzwa inapaswa kuwa kamili. Iliyobanwa tutawapa watu wa kusikiliza katika simu. Nikamkubalia.

Mzazi mmoja wa madrasa aliposikia habari hiyo alituletea zawadi: flashi iliyoandikwa terabaiti 2, aliyoinunua barabarani kwa shilingi 800. Binti akaigeuzageuza mkononi.

"Ami, kwa bei hii haiwezi kuwa terabaiti mbili."

"Huenda ni rehema," nikamwambia.

"Tuijaribu kwanza, Ami. Rehema haikatai kupimwa."

Akanakili mafaili yote 86. Kazi ikaisha bila lalamiko lolote. Majina yote yakaonekana yamepangwa kama wanafunzi mstarini, kila jina na ukubwa wake kamili. Lau tungeishia hapo, tungeandika bahasha, tukafunga, tukalala. Yeye akaanza kufungua. Kaseti ya kwanza, sauti ya mwalimu ikatoka. Ya 20, ikatoka. Ya 40, ikatoka. Ya 50, kimya. Ya 60, kompyuta ikasema faili limeharibika. Kuanzia hapo hadi ya 86 palikuwa na majina matupu.

Ulaghai huo hufanywa hivi. Ndani ya kila flashi mna kidude kinachoiarifu kompyuta ukubwa wa ghala. Mlaghai hukifundisha kidude hicho kusema uongo: ghala ni la gigabaiti 32, lakini kinasema terabaiti 2. Kompyuta huamini. Ghala likijaa, kinachozidi ama hutupwa au huandikwa juu ya kilichotangulia, na orodha ya majina, ambayo huhitaji nafasi ndogo sana, hubaki nzuri ajabu. Ziko programu za bure za kufichua jambo hili, H2testw kwa kompyuta za Windows na F3 kwa za Linux na Mac. Hujaza flashi nzima kwa data za majaribio kisha huzisoma upya na kuona kama zilizoingia ndizo zinazotoka. Yetu ilikuwa gigabaiti 32. Hatukupoteza kitu, kwa kuwa asili ilikuwa bado imo katika kompyuta na kaseti zenyewe zimo sandukuni. Mzazi yule hatukumwaibisha. Tulimshukuru na kumweleza kwa faragha, naye akaenda kuwaonya wenzake.

Basi, baada ya hapo tulinunua diski mbili kutoka duka linalotoa risiti na dhamana, na nitaeleza tulivyofanya kwa utaratibu, maana wengi wameniuliza.

Kwanza kabisa hatukukata wala kuhamisha, tulinakili. Kompyuta ya mapajani tuliiacha ikiwa na betri iliyojaa na imechomekwa, kwa sababu stima ikipotea katikati ya kunakili, faili lililokuwa njiani hubaki nusu, na wakati mwingine orodha nzima ya diski huvurugika. Mwenye kompyuta kubwa ya mezani isiyokuwa na betri, basi na achague saa ambayo stima hutulia mtaani kwake, au anakili kidogo kidogo. Diski tuliiweka juu ya meza, mbali na ukingo, na waya wake hatukuupitisha mahali pa kupita watoto. Nyumbani kwangu hilo peke yake ni kazi.

Kisha ikaja muqabala. Binti alibofya folda ya asili na kutazama sifa zake: idadi ya mafaili, na ukubwa kwa baiti, tarakimu zote hadi ya mwisho. Akafanya vivyo hivyo kwa folda ya nakala. Idadi lazima ilingane, na ukubwa ulingane hadi baiti ya mwisho. Kompyuta huonesha pia ukubwa wa pili, ule wa nafasi inayokaliwa katika diski; huo usikutie wasiwasi ukitofautiana, kwa kuwa kila diski hukata vyumba vyake kwa kipimo chake. Lakini kama tulivyoona kwa flashi ya uongo, idadi na ukubwa ni ushahidi wa jina tu. Kwa hiyo alichomoa diski, akaichomeka upya, kisha akafungua mafaili kutoka ndani ya diski: ya mwanzo, ya katikati, ya mwisho, na mengine bila mpango. Kuchomoa na kuchomeka upya kuna sababu. Kompyuta huweka katika kumbukumbu yake ya muda vitu ilivyotoka kuvishika, na ukiiuliza papo hapo inaweza kukujibu kutoka kwenye kumbukumbu hiyo, si kutoka kwenye diski, kama mwanafunzi anayesoma kwa moyo huku macho yake yako kwingine.

Upo muqabala uliokamilika zaidi, nao ulinifurahisha kupita yote. Kompyuta inaweza kulisoma faili zima, kila baiti, na kulifanyia hesabu inayotoa alama moja ya tarakimu na herufi 64, inayoitwa SHA-256. Ni kama alama ya kidole. Likibadilika nukta moja tu katika faili, alama yote hubadilika. Katika Windows amri ya certutil, ikifuatwa na neno la -hashfile, jina la faili na SHA256, hufanya kazi hiyo bila kununua chochote. Alama ya asili na alama ya nakala zikiwa sawa, basi kilichoandikwa ni kilekile. Binti aliandika alama zote 86 katika faili dogo akaliweka pamoja na sauti, ili mwakani, na miaka ijayo, mtu aweze kulinganisha hata kama sisi hatupo. Nilipomwambia kuwa hiyo ndiyo balagha ya zama hizi, alicheka, akasema nimeanza kutafuta masheikh ndani ya waya.

Kabla ya kuchomoa waya, iambie kompyuta kwamba unataka kuitoa diski, usubiri ikupe ruhusa. Wengi huona huo ni urasimu. Mara nyingine kompyuta husema imemaliza hali sehemu ya mwisho bado iko mkononi mwake haijaandikwa, kama mwandishi aliyesikia imla lakini wino haujagusa karatasi. Ni kweli kwamba Windows 10 za kuanzia toleo la 1809 zimepangwa kupunguza hatari hiyo. Mimi bado nasubiri ruhusa.

Jambo moja zaidi la ufundi, maana limewatoa machozi mabibi harusi kadhaa. Flashi na diski nyingine huja zikiwa zimepangwa kwa mtindo unaoitwa FAT32, ambao haukubali faili moja linalofikia gigabaiti 4. Video ya arusi ya saa tatu huzidi hapo kwa urahisi, nayo hukataliwa hata kama diski iko tupu. Watu hudhani diski ni mbovu. Dawa ni kuipanga upya kwa mtindo wa exFAT, unaosomwa na Windows na Mac pia. Lakini kupanga upya hufuta kila kilichomo, kwa hiyo hufanywa siku ya kwanza, diski ikiwa haina kitu.

Na ikishamalizika kazi, diski itoke na ikae peke yake. Nakala iliyochomekwa daima hupatwa na kila linaloipata kompyuta: radi, kirusi, mkono wa mtoto. Msikiti wa Riyadha wa Lamu una hati za kale ambazo miaka kiasi cha kumi na mitano iliyopita zilipigwa picha kwa mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuhifadhi nyaraka zilizo hatarini. Hati zenyewe zikabaki Lamu, na picha zikatunzwa London pia. Mwezi wa Oktoba 2023 wahalifu waliivamia mitambo ya maktaba hiyo, wakafunga na kuharibu sehemu kubwa, na huduma zake za mtandaoni zikakatika kwa miezi. Maktaba ikatangaza kuwa nakala salama za makusanyo yake ya kidijitali ilikuwa nazo. Kilichokosekana ni mitambo mizima ya kuzirejeshea. Ikiwa taasisi kubwa kama hiyo iliokolewa na nakala ambazo adui hakuzifikia, sisi wenye kompyuta moja tuna udhuru gani wa kuacha diski ikining'inia katika tundu lake usiku na mchana?

Nimebakisha suala ambalo akina mama huniuliza kwa sauti ya chini, nalo ni la picha za ndani: za sherehe ya kupamba, za wanawake wakiwa bila buibui, za watoto wakioga. Wengi hukataa kuweka nakala kwa ndugu au mahali pengine kwa hofu kuwa diski itaibiwa au kijana mtundu ataichungulia. Hofu hiyo ni ya haki, na siwezi kumlaumu mwanamke anayechagua picha zake zipotee kuliko zizagae. Lakini si lazima achague. Diski inaweza kufungwa kwa neno la siri, si mlango tu bali maandishi yote ya ndani kugeuzwa yasisomeke bila neno hilo. Katika baadhi ya matoleo ya Windows kazi hii hufanywa na BitLocker. VeraCrypt ni ya bure na hufanya kazi katika kompyuta karibu zote. Anayeiokota diski kama hiyo ameokota chuma. Ila neno la siri likisahauliwa, hata mwenyewe huokota chuma. Kwa hiyo liandikwe, litiwe katika bahasha, likae pamoja na wasiya au kwa mtu mmoja anayeaminika, mbali na diski. Na mkipeleka kompyuta kwa fundi, au mkiuza diski kuukuu, mjue kuwa kufuta picha kwa njia ya kawaida ni kufuta jina lake katika orodha tu. Mwenye programu huzirudisha. Nimeona familia ikivunjika moyo kwa jambo hilo, na sitalisimulia zaidi ya hapa.

Je, nakala ngapi zinatosha? Mpiga picha wa Marekani, Peter Krogh, aliieneza kanuni ambayo mafundi huitaja kwa tarakimu: 3, 2, 1. Nakala tatu ukihesabu na asili, katika vyombo vya aina mbili, na moja iwe nje ya nyumba. Kwetu hili la mwisho ndilo zito. Moto wa nyumba za mabati hauchagui, mvua za masika huingia hata vyumba vya ndani, na mwizi akichukua kompyuta huchukua na diski iliyo kando yake. Diski mbili katika kabati moja nazihesabu kama diski moja. Nayo haipendi hewa yetu ya chumvi: iwekwe katika kopo lenye mfuniko unaokaza, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyopatikana ndani ya masanduku ya viatu, mbali na jiko na mbali na dirisha linalotazama bahari.

Diski zetu mbili binti amezibandika karatasi, moja A, nyingine B, na tarehe ya mwisho ya muqabala. A imebaki Kisauni. B nimeipeleka mwenyewe Changamwe, kwa dada yangu, ndani ya kopo la biskuti, na kila baada ya miezi mitatu tutabadilishana ili kila moja ichomekwe, isomwe na kuongezewa kilichozidi. Safari ya kwanza itakuwa Mfungo Mosi, inshaallah. Dada yangu amekwisha nipigia simu kuuliza kama anaruhusiwa kusikiliza, maana na yeye alikuwa akihudhuria darsa zile upande wa wanawake, nyuma ya pazia. Nimemwambia aanze na kaseti ya 50, aisikilize mpaka mwisho, kisha anieleze mwalimu anafunga darsa kwa dua gani.